Mpini Umetoka Wapi? Pembe, Mfupa na Mti katika Visu vya Garissa



Tulikuwa mjini Garissa siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Baada ya darsa ya akina mama ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma ya pazia, akamtuma binti yake mdogo atuletee kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Tulipokifungua tukakuta kisu cha kukunja, bapa lake limekuwa jembamba kwa kunolewa miaka mingi, na mpini wake wa pembe nyeusi umepasuka kutoka kichwani hadi mkiani.

“Maalim,” akasema yule mama, “kisu hiki ni cha marehemu baba yao. Ndicho tunachochinjia mbuzi, na ndicho ninachokatia nyama jikoni. Fundi amesema atanitilia mpini mpya wa mfupa wa ngamia, na hatanitoza mfupa, kwa kuwa aliuokota porini baada ya ukame. Kifuko chake ameshanishonea, kwa ngozi ya mbuzi wetu aliyekufa kwa njaa mwaka ule ule. Sasa niambie: nikikishika kisu hiki na mkono wangu umelowa maji, je, mkono huo ni twahara? Na nyama ninayowapikia wanangu?”

Tulimwomba atupe muda hadi siku ya pili. Si kwamba suala lilikuwa geni vitabuni, bali tulitaka kwanza kwenda sokoni tukaone kwa macho yetu visu hivyo vinavyotengenezwa na vitu vinavyotiwa mipini. Makala haya ni matunda ya siku hizo mbili. Tumeona tuwashirikishe wasomaji wote, maana hakuna nyumba isiyo na kisu, na ni wachache wanaouliza mpini wake umetoka wapi.

Kisu katika maisha ya wafugaji

Katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, kisu ni kitu cha mwilini kama ulivyo mswaki. Mfugaji anayetoka na ngamia wake alfajiri hukihitaji kukata kamba iliyomfunga mnyama, kuchonga mswaki, kutoa mwiba wa mgunga kwato au mguuni, na kumuwahi mnyama aliyeanguka ili amchinje kabla roho haijatoka. Wasomali wana jambia lao la kiunoni waliitalo bilaawe, lenye makali pande mbili na mpini ambao kwa desturi hufanywa kwa pembe. Siku hizi wengi hawatembei tena na bilaawe kiunoni. Badala yake utaona kisu kidogo cha ala, au kile cha kukunja kinachoingia mfukoni.

Wala tusidhani kisu ni cha wanaume peke yao. Katika maisha ya kuhamahama, nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anayekusanya fito na mizizi, anayesuka mikeka na kamba, anayeijenga ile nyumba ya duara iitwayo aqal, na anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Vyombo vya maziwa navyo husukwa na akina mama. Kazi zote hizo zinataka kisu, tena kisu kisichoteleza mkononi.

Hapo ndipo thamani ya mpini inapoonekana. Wahenga wamesema kuwa shoka lisilo mpini halichanji kuni. Bapa hata likiwa kali vipi, kama mpini unacheza au unateleza kwa damu na mafuta, mkono husita, na mkono ukisita mnyama huteseka. Katika hadithi ya Shaddad bin Aus, aliyoipokea Imam Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Wengi wetu huikumbuka hadithi hii tunaponoa makali. Nasi tunaongeza: mpini madhubuti nao ni sehemu ya wema huo.

Pembe ya ng'ombe

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki. Ng'ombe hufikishwa hapo kutoka wilaya za mbali na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Palipo na ng'ombe wengi na machinjio, pana pembe nyingi, na nyingi hutupwa. Kwa fundi wa visu hiyo ni hazina.

Pembe ya ng'ombe si mfupa. Ganda lake la nje ni kitu cha jinsi ya kucha au kwato, na ndani yake mna kiini cha mfupa chenye damu na uhai. Fundi kwanza huitenga pembe na kiini chake. Wako wanaoiacha wiki kadhaa mpaka kiini kilegee chenyewe, na wako wanaoichemsha ili kazi iende haraka. Kisha huikata kwa msumeno, na kile kipande kilichopinda hukitia joto, kwa maji ya moto au moto wa mbali, mpaka kilainike, halafu hukibana kati ya mbao mbili kinyooke. Kikipoa hubaki vile vile. Baadaye huja tupa, kisha msasa, na mwisho kitambaa chenye mafuta na majivu laini, mpaka pembe ing'ae na ile mistari yake myeusi, ya kahawia na ya rangi ya maziwa ionekane.

Ubora wa pembe ni kwamba haivunjiki upesi, na mkono ukiishika kwa muda huwa kama imekuwa sehemu ya kiganja. Udhaifu wake ni jua na ukavu. Ikiachwa juu ya bati au pembeni mwa jiko hujipinda na kupasuka, na hivyo ndivyo ulivyopasuka ule mpini wa marehemu. Mama mwenye kisu cha pembe akipake mafuta ya kupikia kidogo mara moja moja, asikilaze majini usiku kucha, wala asikiweke karibu na makaa.

Je, hukumu yake? Pembe ya mnyama anayeliwa, aliyechinjwa kisheria, ni twahara bila ya shaka, sawa na nyama yake. Lakini wafugaji waangalie jambo moja. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kiungo kilichokatwa katika mnyama aliye hai kina hukumu ya mzoga, isipokuwa manyoya na sufi za wanyama wanaoliwa. Basi pembe aliyokatwa ng'ombe hai kwa kuwa inamuumiza jichoni, hata kama kuikata kulikuwa ni kumhurumia, haifai kufanywa mpini wa kisu cha jikoni.

Mfupa wa ngamia

Ngamia hana pembe, lakini Mwenyezi Mungu amempa mifupa isiyo na mfano. Mfupa wa muundi wake ni mrefu, umenyooka na una ukuta mnene, hivyo mfupa mmoja hutoa vipande vya mipini kadhaa. Fundi huukata ncha zake, huutoa uboho, kisha huuchemsha kwa maji yenye sabuni au magadi ili mafuta yatoke. Mfupa usiotolewa mafuta hugeuka rangi ya manjano na kunuka siku za joto. Ukishakauka kivulini hupasuliwa vipande viwili, vikatobolewa na kubanwa pande mbili za msuka wa kisu kwa ribiti za shaba. Vumbi la mfupa na la pembe lina madhara kifuani, kwa hiyo fundi mwenye busara hujifunga kitambaa puani na hafanyi kazi hiyo mbele ya watoto.

Sasa tulifikie swali la yule mama. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika Kenya pekee zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa. Wenyeji wa Garissa hawahitaji kuelezwa. Njia za kuelekea visimani zilijaa mizoga, na mifupa yake baadhi bado imelala pale, imekuwa myeupe kwa jua, mizuri kwa kutazama. Fundi akiiona huona mipini, na mtu maskini akiiona huona kitu asichokinunua. Nani atamlaumu?

Lakini hukumu ni hii. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Pwani na ya ndugu zetu Wasomali, na ndiyo tunayoisoma madrasani tangu Safinatun Najah hadi Minhaj ya Imam Nawawi, mfupa wa mzoga ni najisi. Hautwahariki kwa kuoshwa, kwa kuchemshwa wala kwa kukaa juani miaka mingi. Najisi kavu ikigusa kikavu hainajisi. Lakini jikoni hakuna ukavu. Mkono una maji, nyama ina maji, na mpini umelowa tangu asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo mpini wa mfupa wa mzoga haufai kwa kisu cha jikoni wala cha kuchinjia.

Tuseme pia kwa uadilifu kwamba maulamaa wamekhitilafiana. Imam Abu Hanifa, Mungu amrehemu, anaona kuwa mfupa na pembe ni twahara hata vikitoka kwa mzoga, kwa hoja kwamba havina uhai ndani yake hata vife. Na Imam Bukhari ametaja kwamba Imam Zuhri aliwakuta wanavyuoni waliotangulia wakichana nywele kwa vitana vya mifupa ya namna hiyo. Tunayataja haya ili mtu asimkaripie jirani yake wa madhehebu mengine. Ama sisi, tunafuata tuliyolelewa nayo, na ndani yake mna tahadhari njema.

Kifuko, je? Hapa ndipo pana mafunzo matamu. Ngozi ya mnyama yule yule aliyekufa, ikitiwa dawa za kuondoa unyevu na harufu yake kama inavyofanywa na watengenezaji wa ngozi, hutwaharika, ikibaki kuoshwa tu. Dalili yake ni hadithi ya mbuzi aliyepewa sadaka mtumwa aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna, mama wa waumini. Mbuzi akafa, na Mtume (S.A.W.) alipomwona ametupwa aliwauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidibaghi wakanufaika nayo. Wakamweleza kuwa ni mzoga, naye akawafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kuliwa kwake. Maulamaa wetu wakasema kuwa hukumu hii ni ya ngozi, wala haiendi kwenye mfupa. Basi angalieni: mnyama amekufa kifo kimoja, ngozi yake ikawa kifuko twahara na mfupa wake ukawa mpini najisi. Dini haikutaka mali ya maskini ipotee, wala haikutaka najisi iingie chunguni.

Na hapa elimu ya tiba inasimama pamoja na fiqhi. Mnyama aliyekufa porini hatujui amekufa kwa njaa au kwa maradhi. Kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na mbuzi kwa ghafla na kumwambukiza mwanadamu, mbegu zake hudumu miaka mingi katika udongo na katika mabaki ya mzoga. Anayemchuna au kumkata mnyama wa namna hiyo anajihatarisha mwenyewe na watu wa nyumbani kwake. Mfugaji akimkuta mnyama amekufa ghafla, damu ikimtoka puani au nyuma, asimguse. Amwite daktari wa mifugo, azikwe au achomwe. Wala ngozi yake isichukuliwe, ingawa kifiqhi dibaghi inatwaharisha, kwa kuwa kuilinda nafsi ni wajibu.

Wengine walituuliza pale sokoni: “Sheikh, si tumekatazwa kuchinja kwa mfupa?” Ni kweli. Katika hadithi ya Rafi bin Khadij, Mtume (S.A.W.) aliruhusu kila kinachomwaga damu isipokuwa jino na kucha, na akaeleza kuwa jino ni mfupa. Lakini katazo hilo ni la kitu kinachokata. Kisu cha chuma chenye mpini wa mfupa kinakata kwa chuma, basi kuchinja kwake ni sahihi. Hata yule aliyechinja zamani kwa kisu chenye mpini wa mfupa wa mzoga bila kujua, nyama yake haikuwa haramu kwa sababu ya mpini. Alichotakiwa ni kuosha palipogusana na najisi kwa unyevu. Tunasema haya ili mtu asiingiwe na wasiwasi.

Pembe ya ndovu na ya kifaru

Hatuwezi kuandika juu ya mipini tukanyamaza kuhusu pembe ya ndovu na ya kifaru. Ni sehemu ya historia yetu. Ile siwa kuu ya Pate, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ni ya pembe za ndovu, na majambia ya mabwana harusi wa Pwani na ya wazee wa Oman na Yemen yalithaminiwa kwa mipini yake kabla ya bapa zake.

Lakini thamani hiyo ilikuwa na gharama. Miaka ya 1970, vijana wa Yemen walipofanya kazi katika nchi za mafuta na kurudi na fedha, kila mmoja alitaka jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru, na pembe hizo zilitoka huku kwetu Afrika ya Mashariki. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, ilibakiwa na pungufu ya 400 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, lakini biashara ya magendo iliendelea. Mwaka 1992 Mufti Mkuu wa Yemen akatoa fatwa kwamba kuwaua vifaru ni kwenda kinyume na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Mafundi wa San'aa nao wakazoea pembe ya nyati wa kufugwa kutoka India, na majambia hayakukoma kutengenezwa. Huu ni ushahidi kwamba mila inaweza kubaki na dhulma ikaondoka.

Nchini kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Julai 1989 Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105 katika Mbuga ya Nairobi, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotungwa iliweka kwa mtu anayepatikana na nyara bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Sheria haisemi kwamba mpini mdogo wa kisu umesamehewa.

Na fiqhi? Ndovu haliwi katika madhehebu yetu, hivyo hata akichinjwa hahalaliki, na pembe yake ni najisi. Imam Nawawi ameeleza kuwa kuitumia katika kitu cha majimaji haifai, na katika kikavu ni makuruhu. Ukijumlisha hukumu hiyo, sheria ya nchi tuliyoiwekea ahadi, na dhulma ya kuua kiumbe kwa ajili ya pambo, hakuna mlango unaobaki wazi.

Wajane na mayatima hurithi vitu bila kujua ni vya nini. Basi tuwape alama za kutambulisha. Mfupa ukiutazama karibu una vitundu na vijistari vyeusi vidogo, ambavyo ni njia za damu. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na mahali ilipokatwa kwa upana huonyesha mistari iliyopishana kama wavu. Plastiki huyeyuka na kunuka ikiguswa na ncha ya sindano ya moto. Aliyerithi kitu anachokishuku kuwa cha ndovu au kifaru asikiuze, asikipeleke sokoni kukiuliza bei. Atafute ushauri wa wakili au wa mzee anayeaminika, kisha jambo lifikishwe katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Mti uliolaaniwa

Kinachobaki ni mti, na katika mti hamna shaka ya twahara. Watu wa Pwani wanaujua mpingo, mweusi, mzito hata huzama majini. Ni mpini wa kudumu, lakini hukua polepole sana na wachongaji wameutumia mno, hivyo ukatwe kwa uchache. Mkwaju, unaoota kandokando ya Mto Tana, una moyo wa mti mgumu wa rangi nzuri. Na mkoma, ule mnazi wa porini ambao watoto hutafuna matunda yake, hutoa koma ambazo kokwa zake hukauka zikawa nyeupe na ngumu kama pembe. Enzi za Waitaliano kokwa za mikoma ya Eritrea zilisafirishwa kwa ajili ya kutengenezea vifungo vya nguo. Hazitoshi mpini mzima, lakini fundi anaweza kuzipambia kichwa cha mpini, mwenye kupenda weupe wa pembe ya ndovu akaupata bila dhambi.

Hata hivyo mti tuliotaka kuutaja hasa ni mathenge. Uliletwa Kenya miaka ya 1970, na miaka ya 1980 ukapandwa kwenye miradi kama ule wa umwagiliaji wa Bura, ili uzuie jangwa na kutoa kuni. Leo umeziba njia za mto, umemeza malisho, na miiba yake hulemaza watu na wanyama. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo walikwenda mahakamani kulalamika, nao wakampeleka mbuzi aliyeng'oka meno awe shahidi wao.

Lakini moyo wa mathenge, ukiukata katika shina lililokomaa, ni mgumu, wa rangi ya kahawia iliyoiva, na una sifa wanayoipenda mafundi: ukikauka haujikunji wala haujipindi sana. Hauna mwenye kuulilia, na kila shina linalokatwa ni nafuu kwa malisho. Ukaushwe kivulini miezi kadhaa, upigwe msasa, upakwe mafuta mara tatu nne, utakuwa mpini wa kurithiwa.

Fundi naye ana haki

Kuna jambo jingine linalotuuma. Miongoni mwa Wasomali, wafua chuma waitwao Tumaal walidharauliwa kwa vizazi, wakanyimwa kuoana na wengine, ilhali hakuna aliyeweza kuishi bila mkuki na kisu chao. Athari za dharau hiyo hazijaisha. Tunawauliza wasomaji: Qur'ani imetueleza kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akawa anafua deraya. Ikiwa Mtume wa Mungu alikuwa mhunzi, ni nani kati yetu aliye bora hata amdharau mhunzi? Mlipeni fundi haki yake kabla jasho lake halijakauka, na anayewalea watoto wake kwa kazi hiyo msimnyime salamu wala posa.

Jibu

Siku ya pili tulimrudishia yule mama kisu chake na jibu letu. Kifuko akitumie, baada ya kuhakikisha ngozi imedibaghiwa vizuri na kuiosha. Mpini wa mfupa wa mzoga auache. Tukamwonyesha njia mbili. Ya kwanza ni mti wa mathenge, ambao fundi wake alikuwa nao umeshakauka. Ya pili ni pembe ya ng'ombe wa Idi, yule ambaye wameshirikiana watu saba, akikubaliana na wenziwe. Tukamtahadharisha kwamba mnyama wa udh'hiya hauzwi kitu chake chochote, wala fundi au mchinjaji halipwi kwa ngozi au pembe yake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Sayyidna Ali. Kuitumia mwenyewe inaruhusiwa, lakini malipo ya fundi yatoke mfukoni.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Maalim, Idi iko karibu na pembe inataka kukauka. Nitatia mathenge. Mti huu umekula meno ya mbuzi wangu watatu, basi na unitumikie.” Akina mama waliokuwa wamebaki wakacheka. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba pembe ya Idi ataiweka kwa mwanawe mkubwa, ili siku atakapopata kisu chake mwenyewe, ajue mpini wake umetoka kwa mnyama gani na alichinjwa kwa jina la nani.

Tunawaomba kila nyumba ifanye hivyo kabla ya Idi ijayo. Chukueni visu vyenu, tazameni mipini yake, ulizeni imetoka wapi. Kinachocheza kikazwe, kilichopasuka kibadilishwe, makali yanolewe mbali na macho ya mnyama, na watoto wafundishwe kwamba kisu hupewa mtu kwa upande wa mpini.

Mwenyezi Mungu atutwaharishie mikono yetu, vyombo vyetu na chumo letu, awarudishie ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera mifugo yao na mvua yenye heri, na amrehemu baba wa wale watoto. Amin.

Wabillahi Tawfiq.